Kamera Juu ya Jiko

Ravdna alikuwa amemnunia kaka yake kwa siku tatu, na kununa katika nyumba ile ni kazi ngumu. Jiko moja, meza moja, njia moja ya kupita. Ukitaka kumkwepa mtu humo ndani huna budi kutoka nje, na nje ilikuwa baridi ya nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri. Basi akawa anatoka. Anapiga theluji mateke, anarudi na kope nyeupe, anajimiminia kahawa bila kumuuliza mwenzake kama anataka, anatoka tena.

Jovnna, kaka mtu, alijifanya hayaoni hayo. Alikaa kwenye kona yake akishona hatamu iliyokatika, uzi mrefu, sindano nene, taratibu, kama mtu mwenye miaka mingine thelathini ya kufuga. Hilo lilimchoma Ravdna kuliko yote. Unashona hatamu ya nini, mwanamume wewe, na kesho huna kulungu wa theluji hata mmoja?

Maana kesho saa tatu asubuhi malori mawili yangeteremka hadi ziwani. Moja la machinjio. Jingine la binamu yao wa ng'ambo ya mto, ambaye angechukua majike na kuwakata masikio upya kwa alama yake. Kulungu mia mbili na kumi, wote wenye mikato miwili sikio la kushoto na ncha iliyoondolewa sikio la kulia, alama ya baba yao, na kabla ya hapo ya babu yao. Kufikia saa sita mchana alama hiyo isingekuwa tena juu ya mnyama yeyote duniani. Na Jovnna aliyaamua hayo peke yake, akamwandikia dada yake ujumbe wa simu wa maneno manne: Nimechoka. Nauza. Njoo ukitaka.

"Umechoka!" Ravdna alimfokea siku aliyofika, hata kabla hajavua kofia. "Baba alifuga miaka hamsini hakuchoka. Wewe miaka kumi na mmoja tu, hoi!"

"Hoi kabisa," Jovnna alijibu.

"Huna hata aibu!"

"Aibu nayo nimeiuza. Ilitangulia na lori la kwanza."

Mama yao, Elen, aliyekuwa akikata nyama kavu mezani, alicheka kidogo kwa mzaha huo, na Ravdna akaona kwamba ameshindwa kesi mbele ya hakimu. Tangu hapo akafunga mdomo.

Kilichomleta si kumzuia kaka yake. Alijua hawezi. Yeye aliondoka nyanda hizi akiwa na miaka ishirini, akaenda mjini Tromsø, akawa mpiga picha wa mianga ya kaskazini, ile nuru ya rangi inayocheza angani usiku wa baridi, na jina lake likakua. Kalenda, vitabu, kuta za hoteli. Miaka ishirini na mitatu alipiga mianga juu ya milima ya watu wengine, juu ya makanisa ya watu wengine, juu ya wageni waliopiga magoti thelujini wakivishana pete. Baba yake alipokuwa kitandani majira ya baridi ya mwisho wake alizitazama kalenda zote, moja moja, akazirudisha mezani, akauliza: "Na sisi je? Kundi letu utalipiga lini?"

"Mwakani, Baba," alimjibu.

Mzee akafa theluji ilipoanza kuyeyuka. Kila mwaka tangu hapo Ravdna alikuwa na wageni wa kuwapeleka milimani, na kila mwaka alisema mwakani. Sasa mwakani ilikuwa imekwisha. Ilibaki jioni moja, kundi moja ndani ya zizi kando ya ziwa, na anga lililokuwa limefunikwa mawingu kwa siku tatu mfululizo kama vile linamkomoa.

Siku ya tatu, saa nane mchana, mawingu yakapasuka. Jua lenyewe halikuwa limeonekana tangu mwisho wa Novemba, lakini ule mwanga wa buluu unaoitwa mchana ulikuwa safi, hauna hata utepe wa wingu. Ravdna akasahau kununa. Akaanza kazi.

Kazi yenyewe ni ya mtu mwenye subira, na Ravdna, ambaye kwa watu hakuwa nayo hata chembe, kwa kamera alikuwa nayo tele. Betri tatu alizitia ndani ya soksi ya sufu akaivaa shingoni, chini ya fulana, zikagusa ngozi, maana betri ikishikwa na baridi hufa kabla hujahesabu hadi kumi. Miguu ya stendi alikuwa ameivisha vipande vya ngozi, kwa kuwa chuma kitupu katika baridi ile humenya kiganja. Glavu nyembamba ndani, glavu kubwa za manyoya juu, zimefungwa kwa kamba zisipotee. Kamera yenyewe ilikuwa ndani ya sanduku lake stoo, nje, tangu alipofika. Iliwekwa huko makusudi ipoe sawasawa na hewa, na ikishapoa haiingii ndani ng'o. Kamera iliyotoka katika baridi hiyo ikaingia penye joto hufanya kile inachofanya glasi ya maji baridi juu ya meza: inatoka jasho. Tofauti ni kwamba hii hutoka jasho hadi ndani ya mifupa yake, na ukiitoa tena nje, jasho hilo linakuwa barafu. Ikibidi kuiingiza, unaifunga kwanza hukohuko nje ndani ya mfuko usiopitisha hewa, halafu unaiacha ukumbini nusu siku bila kuigusa.

Katika nyumba ile hapakuwa na asiyejua sheria hiyo, na aliyeijua zaidi ya wote alikuwa Mama. Ni yeye aliyeishonea kamera koti lake: ngozi ya mtoto wa kulungu, manyoya nje, ukosi wa kitambaa chekundu, matundu mawili ya kupitisha vidole. Kila Ravdna alipokuja likizo, kabla ya salamu, mama mtu alisimama mlangoni akiwa na mwiko: "Hicho kitu kibaki huko huko! Kikitoka jasho usinililie mimi!" Aliwahi kumfukuza mwandishi mzima wa gazeti na begi lake la vifaa, akamkalisha ukumbini na kahawa yake hadi kamera zilipozoea.

Safari hii hakusimama mlangoni. Alikuwa akilala sana, na alichechemea. Baridi yabisi, alisema. Jana yake alimuuliza Ravdna mara tatu kama barabara ya kuja ilikuwa nzuri, na Ravdna alimjibu mara tatu kwamba ni nzuri, macho yakiwa kwenye taarifa ya hali ya hewa.

Saa tisa na nusu giza lilikuwa limeshika. Mama alikuwa chumbani amelala, Jovnna alikuwa upande wa pili wa zizi akiwatupia kulungu majani yao ya mwisho. Ravdna akabeba stendi na sepetu, akaenda kwenye kilima kidogo juu ya ziwa. Alitumia karibu saa nzima kukanyaga theluji hadi ikawa ngumu kama sakafu, akasimamisha stendi, akapima kwa jicho. Zizi lote lilikuwa mbele yake, wanyama wote, pembe zao zikiwa msitu mdogo unaotembea. Nyuma yao ziwa jeupe, na juu anga tupu likisubiri. Alifikiri: Baba, leo.

Alipogeuka kurudi stoo, utepe wa kijani hafifu ulikuwa umeshajichora upande wa kaskazini. Akakimbia, kadiri mtu anavyoweza kukimbia na viatu vya ngozi vilivyojazwa nyasi za kuzuia baridi.

Stoo ilikuwa wazi. Sanduku lilikuwa wazi. Ndani ya sanduku ulikuwamo mfuko wa plastiki, zipu imefunguliwa, mtupu.

Kwanza alidhani ni wezi, wazo la kijinga, maana jirani wa karibu alikuwa umbali wa kilomita saba. Kisha akaiangalia nyumba, dirisha la jikoni likiwaka manjano, akauendea mlango mbio.

Katika nyumba za wafugaji wa nyanda hizo, juu ya jiko hukaa ufito. Chochote kilichotoka baridini hupanda juu yake: glavu, soksi, nyasi za viatuni, kamba za kunasia. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajafundishwa kusema asante, kwa sababu malishoni soksi mbichi humuua mtu. Ravdna alipofungua mlango wa jikoni, kamera yake ilikuwa ufitoni. Imening'inizwa kwa mkanda wake katikati ya soksi mbili za kijivu, juu kabisa ya moto, ikidondoka maji. Tii, tii, tii, juu ya bamba la jiko, kila tone likichemka. Koti lake la ngozi lilikuwa limevuliwa, likageuzwa ndani nje na kuanikwa kando yake vizuri sana. Na mbele ya hayo yote alisimama Jovnna, bado amevaa kofia na theluji mabegani, mkono wake mmoja umeshika mkanda.

"Umefanya nini?" Ravdna aliuliza. Sauti ilitoka ndogo, na udogo huo ulikuwa mbaya kuliko ukelele.

Jovnna aligeuka. Aliutazama mlango wa chumba cha Mama uliofungwa, akamtazama dada yake, kisha akaitazama kamera kana kwamba anaiona sasa hivi.

"Nimeianika," alisema.

"Umeianika." Ravdna alimpita akaipokonya. Ilikuwa vuguvugu kama kitoto kilichotoka kuogeshwa. Alielekeza lenzi kwenye taa: nyeupe tupu, ukungu nje, ukungu ndani, matone yakitembea nyuma ya kioo cha mbele ambako hakuna kitambaa kinachofika. Akafungua kifuniko cha betri, maji yakamtiririkia kiganjani. "Umeianika! Miaka ishirini na tatu hii kamera na nyingine kabla yake zinalala stoo! Ishirini na tatu! Mbwa wa nyumba hii anajua! Hata yule mbwa aliyekufa alijua!"

"Polepole, Mama amelala."

"Usiniambie polepole! Njoo dirishani. Njoo uone, si una macho? Inaanza! Ndani ya nusu saa anga lote litakuwa moto, na kesho hakuna kundi. Nitapiga na nini, Jovnna? Na sufuria?"

"Labda simu..."

"Simu!" Alicheka, kicheko kibaya. "Simu inazimika kabla hujavua glavu. Ungetamka neno jingine lolote, lolote lile, ningekusamehe."

Aliifuta kamera kwa ncha ya fulana, upesi upesi, akijua ni kazi bure. Kisha akafanya uamuzi wa mtu aliyepandwa na hasira. Akajivisha mkanda shingoni, akachomoa betri moja katika soksi.

"Unakwenda wapi nayo?"

"Nje. Nitapiga hivyo hivyo. Hata picha moja, hata ya ukungu."

"Ukiitoa sasa utaiua," Jovnna alisema. "Maji yataganda ndani. Hata kufyatua haitafyatua. Iache kwanza, ifunge mfukoni, iache mpaka kesho kutwa."

Ravdna alisimama. Taratibu sana akageuka.

"Kumbe unajua."

Jovnna aliisogeza soksi moja ufitoni.

"Unajua sheria yote, neno kwa neno. Unajua na bado ukaenda stoo, ukafungua sanduku, ukafungua zipu, ukaivua koti na kuitundika juu ya moto." Kila neno alilitamka akikisogelea kifua cha kaka yake. "Hukusahau wewe. Ulifanya makusudi."

Jovnna alitazama tena mlango wa chumba. Kitu fulani kilipita usoni mwake, kisha kikafungwa.

"Haya," alisema. "Makusudi."

"Sema kwa nini!"

"Sikutaka picha. Basi. Sikutaka nitundikwe kwenye kuta za hoteli, yule mwanamume aliyemaliza kundi. Umeridhika?"

Nusu ya Ravdna ilitaka kuketi chini na kulia. Nusu nyingine, iliyozoea kushinda, ilitafuta kitu kizito cha kurusha, ikakipata.

"Afadhali Baba alikufa," alisema. "Afadhali alikufa akidhani ana mtoto wa kiume. Angekuona leo, angekuchinja wewe akawaacha kulungu."

Maji yalidondoka jikoni kutoka kwenye koti la ngozi. Jovnna alivua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa tena, kama mtu asiyejua mikono yake ifanye nini. Ravdna alimsubiri amtukane. Alitamani sana atukanwe, wawe sawa. Aliponyimwa hata hilo, akauendea mlango wa chumba.

"Mama aamke. Yeye ndiye aliyelishona hilo koti. Aje aone mwanawe alivyo."

"Usimwamshe." Jovnna alifika mlangoni kwanza, akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu sauti yake ilipanda. "Nimesema mimi. Nimesema makusudi. Mwache Mama alale!"

"Toka!"

"Ravdna, nakuomba."

Akamsukuma. Mtu mfupi akiwa na hasira ana nguvu za ajabu. Mlango ukafunguka kwa kishindo na wote wawili karibu waanguke ndani. Kitanda kilikuwa kitupu. Blanketi lilikuwa limekunjwa. Kofia yake ilikuwa juu ya mto, glavu zake juu ya kiti, koti lake la baridi kwenye msumari.

"Yuko chooni," alisema Ravdna.

Lakini Jovnna hakuwa tena pale. Alikuwa ameshavuta ngozi mbili kutoka benchi la jikoni na kutoka mbio, mlango ukabaki wazi, baridi ikiingia kama moshi. Hakuita. Hakutazama huku wala huku. Alizunguka nyuma ya stoo akateremka moja kwa moja kwenye barafu, upande ambao Ravdna hakuwa amepita jioni ile, na Ravdna akimfuata aliona nyayo ndogo zikiwatangulia thelujini, mguu mmoja ukiburutwa. Zilianzia mlangoni, zikafika stoo, zikarudi mlangoni, kisha zikatoka tena kwenda ziwani. Alizikanyaga. Alizielewa kabla hajataka kuzielewa.

Mianga ilikuwa imefunguka yote. Kijani kilijimwaga kutoka upeo hadi upeo, kikijikunja na kujikunjua, na chini yake pindo la zambarau. Barafu ilikuwa kijani. Migongo ya kulungu zizini ilikuwa kijani, wote wameinua vichwa, mvuke wao umesimama juu yao. Na katikati ya ziwa, hatua mia kutoka zizi, mwanamke wa miaka sabini na tisa alikuwa amesimama kichwa wazi, amevaa gauni la nyumbani, akipeperusha shali yake ya hariri angani kwa mikono miwili na kupiga mluzi.

Huyu ndiye aliyewafundisha kwamba mianga haichezewi. Haipungiwi, haipigiwi mluzi, na mwanamke hasimami chini yake bila kufunika kichwa. Jovnna akiwa na miaka saba alipiga mluzi mara moja tu, akalambwa kofi lililomkaa siku mbili.

"Mama!" Ravdna aliita.

Elen aligeuka na uso wa msichana. "Káre! Umechelewa wewe! Njoo uwapungie, leo wanacheza!"

Káre alikuwa dada wa Elen. Alikufa Ravdna hajazaliwa.

Jovnna alikuwa ameshamfikia, akamfunga ngozi moja mabegani na nyingine kiunoni, akaivua kofia yake mwenyewe akamvisha. Alivifanya vyote haraka na kwa upole, kila kitu mahali pake, kama mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara nyingi. "Haya, Mama. Wametuona. Twende nyumbani."

"Kile kidude cha mtoto nimekianika," Elen alimwambia Ravdna kwa siri, akimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama vijiti. "Walikitupa stoo, maskini, kimeganda kabisa. Mtoto akija atakikuta kikavu. Usimwambie ni mimi."

Kamera ilikuwa bado shingoni mwa Ravdna; ukungu wa kioo ulikuwa umegeuka maua ya barafu na mkanda umekakamaa. Mbele yake ilikuwa ile picha, kundi zima, alama ya baba yake kwenye kila sikio, anga lote linawaka. Hakuitazama mara mbili. Alivua glavu zake kubwa akamvisha mama yake.

Wakaanza kurudi, Mama katikati.

"Tangu lini?" Ravdna aliuliza juu ya kichwa cha mama yake.

"Mwaka jana, theluji ilipoyeyuka. Kidogo kidogo. Tangu vuli, kila anga likiwa wazi anatoka."

"Na hukuniambia!" Hasira ilimrudia, akaishika kwa mikono yote miwili, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kile kilichokuwa nyuma yake. "Mama yangu pia huyu! Ulinificha, ukaniletea maneno manne kwenye simu, nimechoka, nauza! Ungesema!"

"Nilikupigia Oktoba."

"Hukusema ni Mama!"

"Hukuniacha niseme. Ulisema uko mlimani na wageni, tuongee msimu ukiisha." Jovnna alizungumza akitazama miguu ya mama yake, si uso wa dada yake. "Mwezi uliofuata nikaenda juu malishoni na kundi. Siku mbili tu, mbwa mwitu walikuwa wamewatawanya. Niliporudi nilimkuta kakaa stoo, hana viatu. Hospitali wakamkata vidole viwili vya mguu. Siku hiyo akili zilikuwa zake kabisa. Akaniapisha: Ravdna asijue. Alisema anataka kuwe na mtu mmoja ambaye bado anamwogopa."

"Aliniambia ni baridi yabisi."

"Na ukaamini."

"Niliamini, ndiyo!"

"Basi usinipigie kelele mimi. Mwenye kundi anakaa huko juu na kundi, hilo unalijua. Mimi siwezi tena kukaa huko. Ningewapa nani? Wewe?"

Ravdna alimeza jibu lake. Lilikuwa jibu refu na kali, lakini halikuwa na ukweli ndani yake.

Elen alisimama ghafla akanyoosha mkono kuelekea zizini. "Wale kulungu wa nani?"

Jovnna alimvuta mama yake ngozi ya mabegani ikae vizuri.

"Ni wetu, Mama," alisema Ravdna.

"Wanapendeza," Elen alisema. "Huyo mtu anajua kufuga."

Wakaendelea kutembea. Juu yao kijani kilianza kufifia upande wa mashariki, na kutoka zizini ulisikika mlio wa kengele ya jike la mbele, mara moja moja. Ravdna alihesabu hatua. Alisubiri wafike karibu na ufuko, alisubiri sauti yake itulie, kisha akasema.

"Jovnna. Yale niliyosema kule ndani. Kuhusu Baba."

Kaka yake hakugeuza kichwa. Masikio yake yalikuwa wazi, yameanza kuwa meupe kwa baridi.

"Umeshayasema," alisema. "Mshike vizuri upande huo, hapa panateleza."

Akamshika.